Fimbo ya mbali haiui nyoka: Viwanja vya umma na desturi ya mazoezi Kisumu

MGONJWA wa shinikizo la damu anapotoka kliniki jijini Kisumu, aghalabu huondoka na mambo mawili: dawa mkobani na nasaha kichwani. Nasaha yenyewe ni fupi: punguza chumvi, punguza uzani, fanya mazoezi. Dawa ataimeza kwa saa alizoelekezwa. Chumvi ataipunguza jikoni mwake mwenyewe. La tatu ndilo lenye utata. Ikiwa makao yake ni Nyalenda, Manyatta au Obunga, ambako nyumba zimesongamana na vijia ni vyembamba, mazoezi hayo atayafanyia wapi?

Mtu asiyefanya mazoezi hulaumiwa kwa uvivu, na pengine lawama hiyo humstahili. Hata hivyo, tafiti za miongo kadhaa katika nchi mbalimbali zimebainisha kuwa desturi ya mazoezi haitokani na nia ya mtu peke yake. Hutegemea pia mji anamoishi: iwapo kuna uwanja karibu naye, iwapo lango lake li wazi, iwapo ni salama, na iwapo kuna wenzake wanaoutumia. Makala haya yanaeleza jinsi viwanja vya umma vinavyoijenga au kuidhoofisha desturi hiyo, kwa kuutazama mji wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya.

Mazoezi ya lazima na mazoezi ya hiari

Kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 2020, mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Takwimu zilizotangazwa mwaka wa 2024 zilionyesha kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani takriban watu bilioni 1.8, hawakufikisha kiwango hicho mwaka wa 2022.

Kenya ilionekana kufanya vyema katika jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa ulipata kuwa ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima ambao hawakufikisha kiwango cha WHO. Lakini uchunguzi uo huo ulifichua kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu.

Takwimu hizi zinaonekana kukinzana, ila zina maelezo. Wakenya wengi husogeza miili yao kwa sababu ya kazi na safari wala si kwa hiari. Hulima, hubeba mizigo, huchota maji, hutembea hadi sokoni na shuleni. Hayo tunaweza kuyaita mazoezi ya lazima. Mazoezi ya hiari, yaani yale ambayo mtu huyafanya baada ya kazi kwa ajili ya afya au burudani, ni ya wachache. Maadamu kazi za sulubu zipo, upungufu huo haudhihiriki. Maisha yanapobadilika, mazoezi ya lazima hupungua upesi, na mtu hubaki bila lolote la kuyafidia.

Kisumu inao mfano ulio wazi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji huu ulisifika kwa bodaboda za baiskeli. Maelfu ya vijana walikanyaga pedali kuanzia alfajiri hadi usiku, wakiwapeleka abiria Kondele, Kibuye na kwingineko. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa pikipiki ndogo, bei zikashuka, na pikipiki zikatwaa nafasi ya baiskeli. Tuktuk nazo zikaongezeka. Mwendeshaji alipata nafuu ya miguu na abiria akafika haraka. Pamoja na hayo, mwili uliokuwa ukitoka jasho kutwa nzima sasa huketi juu ya injini. Mchuuzi aliyekuwa akitembea hadi mjini naye hupanda pikipiki. Hakuna anayetaka kuirejesha jamii katika taabu ya zamani. Palipoondoka mazoezi ya lazima panahitajika mahali pa mazoezi ya hiari, na hapo ndipo uwanja wa umma unapoingia.

Mji uliokua bila viwanja

Kisumu ilianza mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani, wakati huo bandari ikiitwa Port Florence. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya koloni, makazi yaligawanywa kwa misingi ya rangi, na michezo vilevile. Wazungu na Wahindi walikuwa na vilabu vyao, vyenye nyasi zilizopunguzwa vizuri na majengo ya kupumzikia. Waafrika waliachiwa viwanja vichache vya wazi na uwanja wa shule. Uhuru ulipopatikana, ubaguzi wa rangi uliondolewa kisheria, ila vilabu viliendelea kuwa vya wanachama wenye uwezo wa kulipa ada.

Jambo jingine lenye athari hadi leo lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, mipaka ya manispaa ilipopanuliwa. Vijiji vilivyouzunguka mji, vikiwemo Nyalenda na Manyatta, vilijumuishwa ndani ya mji huku ardhi yake ikiwa tayari ni milki ya familia zenye hati. Wenye mashamba walijenga nyumba za kupangisha, wapangaji wakaja kwa maelfu, na mitaa ikazuka bila ramani. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya watu binafsi, manispaa haikuwa na ploti ya umma ya kutenga kwa uwanja wa watoto au bustani. Ndiyo sababu sehemu zenye wakazi wengi zaidi mjini ndizo zenye nafasi ndogo zaidi ya kuchezea, ilhali maeneo yaliyopangwa tangu enzi ya ukoloni, kama vile Milimani, yana barabara pana, miti na kivuli.

Hata ardhi ya umma iliyokuwepo haikusalimika. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma kote nchini, yakiwemo maeneo yaliyotengewa burudani, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Uwanja wa watoto hunyakuliwa kwa urahisi kwa kuwa hauna mwenyewe anayelala hapo. Kwa macho ya mnyakuzi, nyasi tupu ni ploti isiyotumika.

Viwanja vilivyopo

Katikati ya jiji kuna Uwanja wa Michezo wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanaukumbuka zaidi kwa mikutano ya kisiasa kuliko kwa michezo. Kuna pia Uwanja wa Moi, nyumbani kwa mechi nyingi za soka katika eneo la Nyanza. Kwa miaka mingi uwanja huo ulikuwa jirani na jaa la taka la Kachok, na moshi na uvundo ulivuka ua bila kuomba ruhusa. Ujirani huo una funzo. Mtu anayekimbia huvuta hewa nyingi kuliko aliyeketi, kwa hivyo uwanja ulio kando ya taka zinazoungua waweza kumdhuru yule yule uliokusudiwa kumfaa. Usafi wa mazingira ya uwanja ni sehemu ya uwanja.

Mradi mkubwa zaidi ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, kando ya barabara ya kuelekea Kakamega, mahali palipokuwa pakifanyiwa maonyesho ya kilimo. Ulitumiwa kwa sherehe za Madaraka mnamo Juni 1, 2021, mgeni wa heshima akiwa Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi. Tangu hapo umeandaa mechi za soka na mashindano ya raga, na mnamo Oktoba 18, 2025, waombolezaji wasiohesabika walimiminika humo kuutazama mwili wa aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga.

Kisumu haikuwa peke yake. Tangu sherehe za Madaraka zilipopelekwa Nakuru mwaka wa 2016, kuandaa sikukuu za kitaifa nje ya Nairobi kumekuwa kichocheo cha kujenga na kukarabati viwanja katika kaunti. Mwambao wa ziwa ulipata zamu nyingine Juni 1, 2025, sherehe hizo zilipofanyika Homa Bay katika uwanja uliopewa jina la Raila Odinga.

Manufaa ya viwanja hivi hayapingiki. Timu hupata mahali pa kuchezea bila kusafiri hadi Nairobi, wafanyabiashara hupata wateja, na kijana mwenye kipawa huonekana. Lakini uwanja wa kutazamia na uwanja wa kufanyia mazoezi ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza hupimwa kwa idadi ya viti. Wa pili hupimwa kwa idadi ya watu wanaotoka jasho humo siku ya Jumanne ambapo hakuna mechi wala sherehe. Watu elfu nyingi wakiketi jukwaani kuwatazama wachezaji 22, waliofanya mazoezi ni hao 22.

Tajriba ya nchi nyingine yathibitisha hoja hii. Mwaka wa 2021 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha tathmini kuhusu Michezo ya Olimpiki na athari yake kwa mazoezi ya raia katika nchi wenyeji. Watafiti hawakupata ushahidi kwamba michezo hiyo huwafanya wananchi kwa jumla kufanya mazoezi zaidi. Kushangilia hakugeuki kuwa desturi kwenyewe. Kenya inapojiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, ni vyema jambo hili likumbukwe.

Yanayomvuta mtu uwanjani

Ni nini basi kinachomfanya mtu autumie uwanja mara kwa mara? Tafiti zinaelekeza kwenye mambo manne makuu: umbali, gharama, usalama na ratiba.

La kwanza ni umbali. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 kuhusu bustani nane za umma jijini Los Angeles, Marekani, ulipata kuwa waliokaa ndani ya maili moja, yaani kilomita 1.6 hivi, kutoka bustanini walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuitembelea angalau mara moja kwa wiki kuliko waliokaa mbali. Yawezekana kwamba baadhi ya wapenda mazoezi huko Marekani huchagua kuhamia karibu na bustani. Katika mitaa ya mapato ya chini Kisumu, mpangaji huchagua nyumba kwa kodi wala si kwa nyasi zilizo jirani, na hivyo umbali humbana zaidi. Umoja wa Mataifa, katika kupima malengo yake ya maendeleo ya 2030, hutumia mwendo wa mita 400 kwa miguu kama kipimo cha ukaribu wa eneo la umma. Kwa mkazi wa Nyalenda, Mamboleo iko upande wa pili wa jiji. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

La pili ni gharama. Ada ndogo machoni pa mwenye mshahara ni nauli na chakula kwa mwenye kibarua. Gharama nayo si ya langoni pekee. Mtu atakayepanda pikipiki kwenda uwanjani na kurudi mara tatu kwa wiki amelipa kiingilio hata kama lango ni la bure. Nairobi inao mfano wa upande wa pili. Msitu wa Karura uliwahi kuogopwa kwa uhalifu. Ulipozungushiwa ua na kuwekewa walinzi, ukajaa wakimbiaji na familia, kwa kiingilio. Usalama uliwaleta watu, ila ni wale wenye uwezo wa kulipa. Mji hauna budi kuamua ni nani atakayelipia mlinzi: mtumiaji langoni au umma kupitia bajeti.

La tatu ni usalama, na kwa Kisumu hili limeambatana na mwanga. Mji uko karibu mno na mstari wa ikweta, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Joto la mchana hulifanya zoezi la saa nane kuwa adhabu. Kwa anayefunga kazi saa kumi na moja, muda uliosalia kabla ya giza ni mfupi, na baada yake hofu huanza. Taa kubwa za mlingoti, ambazo Wakenya wamezibandika jina la mulika mwizi, ziliwekwa ili kupunguza uhalifu. Zikisimikwa kando ya uwanja, huongeza pia saa mbili au tatu za mazoezi kila siku, bila kununua hata mita moja ya ardhi. Miti ya kivuli nayo hufanya kazi hiyo mchana.

La nne ni ratiba, nalo ndilo husahauliwa zaidi. Utafiti mwingine wa Los Angeles, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulichunguza bustani zilizokarabatiwa kwa mamilioni ya dola na kuzilinganisha na nyingine ambazo hazikuguswa. Kinyume na matarajio, matumizi hayakuongezeka kwa sababu tu ya ukarabati. Kilichoambatana na umati ni shughuli zilizopangwa: ligi, madarasa ya mazoezi, mashindano ya mtaa. Uchunguzi mpana zaidi katika miji 25 ya Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulipata kwamba shughuli zenye msimamizi, na hata mabango ya kutangaza ratiba, viliendana na ongezeko kubwa la watumiaji. Maana yake ni kwamba saruji pekee haitoshi. Mkufunzi mwenye filimbi anayefika kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi aweza kuleta watu wengi kuliko jukwaa jipya.

Wanaoachwa nje ya mstari

Ukipita kando ya uwanja wowote wa mtaa jioni utawaona wavulana wakipiga kabumbu. Wasichana huwa wachache, akina mama wachache zaidi, na wazee hawapo. Hali hii haiko Kenya pekee. Bustani za Marekani nazo zilipochunguzwa zilikutwa na wanaume wengi kuliko wanawake, na wazee wachache mno kuliko idadi yao katika jamii.

Sababu si kwamba wanawake hawapendi michezo. Wengi walicheza mpira wa pete na voliboli walipokuwa shuleni, kisha wakaacha walipomaliza masomo. Uwanja mmoja wenye magoli mawili huwa milki ya timu ya soka, na anayetaka kutembea pembeni huonekana kama mwingilizi. Kejeli kuhusu mavazi, ukosefu wa choo chenye mlango, na mtoto mchanga asiye na wa kumwachia huwafukuza wanawake pasipo amri ya mtu yeyote. Tukikumbuka kwamba katika uchunguzi wa 2015 wanawake ndio waliokuwa na uzani mkubwa zaidi, ni dhahiri kuwa uwanja usiowafaa wanawake haufikii shabaha yake.

Suluhisho si ghali. Njia ya kutembelea inayozunguka uwanja humfaa mama, mzee na anayepona maradhi, nayo haiwazuii wachezaji walio katikati. Benchi chache humpa mzee mahali pa kupumzikia. Njia isiyo na ngazi humruhusu mwenye kiti cha magurudumu. Saa maalumu za wanawake zikitangazwa na kulindwa, kejeli hupungua kwa kuwa walio wengi uwanjani ni wao wenyewe.

Ziwa lililo karibu lakini mbali

Mgeni hudhani kuwa wakazi wa mji wa ziwani huogelea kila siku. Ukweli ni tofauti. Sehemu kubwa ya ufuo wa jiji imeshikwa na bandari, ardhi ya reli, hoteli na majengo mengine, na mwananchi huufikia katika sehemu chache kama Dunga na Hippo Point. Hifadhi ya Swara ya Kisumu, iliyotangazwa mwaka wa 1992, ina miti na upepo wa ziwa, ila huingiwa kwa kiingilio.

Maji yenyewe yana hatari zake. Vijidudu vya kichocho, vinavyokuzwa na konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama katika maji ya ufuoni. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na wenzao wamewachunguza kwa miaka mingi waosha magari wa Kisumu, ambao kazi yao huwaweka majini kila siku na kuwaambukiza upya hata baada ya kutibiwa. Isitoshe, kuna viboko, na magugumaji hufunika ghuba kwa misimu. Vidimbwi salama vya kuogelea vimo katika hoteli na vilabu. Matokeo yake ni kitendawili cha uchungu: watoto wengi wanaolelewa kando ya ziwa kubwa zaidi barani hukua bila kujua kuogelea, na baadhi yao huja kuwa wavuvi. Kidimbwi cha umma chenye mkufunzi kingekuwa mahali pa mazoezi na pia kinga dhidi ya vifo vya majini.

Hata hivyo, ufuo unaweza kutumika bila mtu kuingia majini. Njia ndefu ya kutembea na kukimbia kando ya ziwa, yenye kivuli na taa, ingehudumia umri wote. Anayeipanga sharti akumbuke kwamba ziwa hupanda. Mnamo Mei 2020, na tena mwaka wa 2024, maji yalifikia viwango vya juu mno na kufunika maeneo ya ufuoni. Kinachojengwa karibu na maji kiwe chepesi na kisichoharibika kikilowa.

Barabara na shule kama viwanja

Pasipo na ardhi ya uwanja mpya, bado kuna ardhi ya umma inayolala bure kwa saa fulani. Barabara ni mojawapo. Jiji la Bogotá, Colombia, limekuwa likifunga barabara kadhaa kwa magari siku za Jumapili tangu mwaka wa 1974, na siku hizi zaidi ya kilomita 120 huachiwa baiskeli, wakimbiaji na watembeao. Karibu nasi zaidi, Kigali ilianzisha siku isiyo na magari mwaka wa 2016, ambapo wakazi hukimbia pamoja na baadaye kupimwa afya. Nchini Tanzania, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza, Desemba 2016, Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar nayo huadhimisha Januari 1 kwa matembezi na mazoezi ya vikundi vya viungo kutoka Unguja na Pemba. Mifano yote hii haikuhitaji jukwaa. Ilihitaji amri ya kufunga barabara, askari wachache na tarehe isiyobadilika.

Kisumu ina msingi wa kuanzia. Mwaka wa 2020 kaunti ilipata mpango wa usafiri endelevu unaowapa kipaumbele watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Kutembea salama hadi kazini ni zoezi ambalo halihitaji muda wa ziada, na kwa mwenye shughuli nyingi huenda ndilo pekee atakalolifanya. Njia ya miguu inayogeuzwa kibanda au maegesho ya pikipiki ni uwanja ulionyakuliwa, tofauti ni kwamba huu ni mrefu na mwembamba.

Rasilimali nyingine ni viwanja vya shule. Karibu kila mtaa una shule yenye uwanja unaofungwa jioni, wikendi na likizoni. Walimu wakuu wana hofu za haki: nani atalipa kioo kikivunjwa, nani atasafisha vyoo, nani atawajibika mtu akiumia? Maswali hayo hujibiwa kwa mkataba wa maandishi kati ya shule na kaunti, unaotaja saa, mlinzi na fedha za ukarabati.

Sheria yasemaje?

Mwananchi anayedai uwanja haombi hisani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, pamoja na bustani, fuo na maeneo ya burudani. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda shirika la Sports Kenya, ambalo husimamia viwanja vya kitaifa kama Kasarani na Nyayo. Sheria ya Miji ya 2011 inampa mkazi nafasi ya kushiriki katika mipango ya jiji lake, na bajeti ya kaunti haiwezi kupitishwa bila wananchi kushirikishwa.

Katika vikao hivyo, aghalabu hutajwa barabara, maji na zahanati; uwanja hutajwa mwisho, au hautajwi. Anayetaka kuutetea na aende na hoja tatu. Kwanza, hati: ardhi ya kila uwanja ipimwe na kusajiliwa kwa jina la umma, maana uwanja usio na hati ni ploti inayomsubiri mnyakuzi. Pili, matunzo: bajeti itenge fedha za kila mwaka za nyasi, vyoo, taa na mifereji, kwani katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Kisumu uwanja usio na mifereji huwa kinamasi katika mvua za Machi hadi Mei. Tatu, hesabu ya watumiaji.

Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Watu wawili wenye kalamu huweza kusimama uwanjani asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni, katika siku kadhaa za wiki, na kuandika ni wangapi waliopo, wa jinsia gani, umri upi, na kama wameketi, wanatembea au wanakimbia. Wakirudia zoezi hilo baada ya miezi sita, watajua iwapo taa mpya, njia ya kutembelea au darasa la Jumamosi limeleta tofauti. Kaunti inayohesabu viti pekee haiwezi kujua lolote kuhusu afya ya watu wake.

Wahudumu wa afya wa nyanjani, ambao hupita nyumba hadi nyumba wakipima shinikizo la damu, wangeweza kuwa kiungo kati ya kliniki na uwanja. Badala ya kumwambia mgonjwa afanye mazoezi na kumwacha hapo, wangemtajia kundi linalokutana karibu naye, siku na saa. Nasaha yenye anwani hufuatwa kwa urahisi kuliko nasaha tupu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu, na wengi wao ni vijana ambao miaka 20 ijayo watafikia umri wa kisukari na shinikizo la damu. Gharama ya maradhi hayo ni dawa ya kila siku hadi kifo. Viwanja vidogo vingi, vilivyo wazi, vyenye taa na mtu wa kuvisimamia, ni nafuu kuliko wodi. Mamboleo itaendelea kuipa Kisumu fahari siku za mechi na sikukuu. Lakini yule mgonjwa aliyetoka kliniki na nasaha yake anahitaji mahali anapoweza kufika kwa miguu kabla giza halijaingia, kesho, na kesho kutwa, na siku itakayofuata.